Sindano Isiyokuwa Yako

Mama Kavira mpendwa,

Ni mimi, Biira, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akikuchoma sindano pale hospitali ya Bwera, huku Uganda. Uliposikia jina langu ulicheka. Kwenu Butembo, Kongo, binti wa pili huitwa Kavira, kwetu Mahango huitwa Biira. "Basi tuko jina moja," ukasema.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Sukari ilikuwa imepotea madukani, na wanajeshi waliingia popote walipotaka. Wauguzi wawili walikuwa wamehama, kwa hiyo sisi wanafunzi tulifanya kazi zao, kisha tukasomea mtihani. Siku nyingi nilimaliza zamu bila kula.

Asubuhi ile mwanajeshi mmoja alisimama kando ya mkewe, kitanda cha pili kutoka chako. "Wewe! Haraka! Mke wangu atangoja mpaka lini?" Nilibeba sindano mbili kwenye sinia moja, penisilini yake na ya malaria yako. Afande alipopiga kelele tena, nikachukua sindano moja bila kuitazama, nikakugeukia wewe na kukunja mkono wa gauni lako. Ukanishika kiganja.

"Mutoto, ngoja kwanza. Iyi dawa iko yangu?"

Nikatazama. Ilikuwa penisilini, na kadi yako ilisema wazi kwamba hiyo usipewe kamwe. Nikairudisha sindano kwenye sinia.

"Ile dawa ilitaka kuniua kule Butembo," ulisema polepole. "Mimi sitasema kitu kwa mutu. Lakini weye utaweza kulala?"

Sikukwambia wakati ule, Mama: nguo zangu zilikuwa tayari zimefungwa chini ya kitanda bwenini. Nilikuwa nimepanga kutoroka Jumamosi, nirudi kulima kwa baba.

Nilikwenda kwa Sista msimamizi nikasema yote. Hakunipigia kelele. Aliniandikisha kosa langu kitabuni kwa mkono wangu mwenyewe, akaniondoa kwenye sindano kwa wiki mbili. Nikaosha vyombo vya choo huku wenzangu wakinitazama kwa pembe ya jicho. Wewe ulinimegea ndizi zako za kuchemsha na kukataa kula mpaka nile. "Tumbo tupu inaleta woga," ulisema. Ukanifundisha na jambo lingine: niweke sinia chini, niulize mgonjwa jina, ningoje alitaje mwenyewe. Jumamosi ikapita, nami nikazifungua zile nguo.

Siku niliyorudishwa, afande alikuwepo.

"Jina lako, mama?" nikamuuliza mkewe.

"Unamjua! Choma!"

"Nimemuuliza yeye, afande."

Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Jasho lilinitiririka mgongoni, lakini sinia niliiacha pale pale mezani. Mwishowe mkewe akataja jina lake, kwa sauti ndogo. Nikamchoma. Afande akatema mate dirishani, akatoka. Nilipogeuka ulikuwa umejifunika shuka mpaka usoni, na kitanda kinatikisika kwa kicheko.

Ukaondoka na lori la wafanyabiashara nikiwa kwenye chumba cha mtihani. Nilirudi mbio kukueleza, nikakuta mwenzangu anatandika kitanda chako. Alisema umeacha salamu: "Mwambieni mutoto wangu nimepona."

Nilifaulu. Sasa niko Kasese, nina wodi yangu na wanafunzi wanaonitazama kwa hofu ile ile. Kila mtu wa Butembo anayepita hapa namuuliza habari zako. Juzi mwanamke mmoja muuza vitenge akaniambia ulifariki mwaka jana, na kwamba sokoni ulikuwa ukijisifu una binti muuguzi Uganda.

Nilimshukuru. Nikamaliza zamu, nikaandika ripoti, nikaingia stoo ya mashuka na kulia. Mwanafunzi mmoja alifungua mlango akanikuta. Zamani ningejifuta haraka na kumfukuza. Nilimwambia nimefiwa na mama, akakaa karibu nami.

Pumzika, Mama. Sikupata kukuaga kwa mdomo. Nakuaga kwa barua hii.

Mutoto wako wa Uganda,
Biira