Mstari wa Wilaya Yetu

Mkomaindo, Masasi
Jumapili, mwezi wa kumi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, mguu umepunguza kukuuma, na mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kudondosha. Huku Masasi jua ni kali na vumbi limetanda, lakini tunaendelea. Hali yangu mimi utaisikia humu ndani, mahali pake pakifika.

Kaka Mudathiri aliniambia umekataa kwenda kutolewa mtoto wa jicho mpaka msimu wa korosho uishe. Nilimuuliza kama korosho unaziokota kwa macho hayo hayo usiyoona nayo, akacheka, akasema nikuulize mwenyewe. Basi nakuuliza. Kwa sasa najua kwamba mjukuu wako Happiness ndiye anayekusomea, kama alivyokusomea barua zangu zote. Nampa salamu nyingi. Namwomba asome taratibu na asiruke mstari wowote, hata ule utakaomkwaza.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini simu zetu nazijua, Mama. Nikifika kwenye neno usilolipenda, mtandao wa huko kwetu Mnyambe hukatika, na nikipiga tena unaniuliza kama huku kumenyesha. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa Anwari, anayekuja huko kununua korosho.

Sikukuu iliyopita uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nilikujibu kwamba nahesabu. Ulipojua nahesabu vifo uliwageukia wageni ukawaambia kwamba mwanao amepelekwa chuo kikuu miaka yote ile ili aje kuhesabu marehemu, na kwamba hakuna mchumba atakayekaa meza moja na mtu wa namna hiyo. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Sikukueleza vizuri siku ile, kwa hiyo leo nitakueleza.

Mradi wetu ulitakiwa kulinganisha vifo vya saratani vya huku kwetu, Masasi na Newala, na vile vya nchi nzima. Huwezi kuchukua idadi ya watu ukailinganisha hivi hivi. Ni kama shamba: ukiweka mavuno ya mikorosho michanga karibu na ya mikorosho ya zamani, unajidanganya. Kwanza unasawazisha umri wa watu, kisha unauliza katika kila watu laki moja wamekufa wangapi, halafu unatazama miaka iliyopita uone kama wanaongezeka au wanapungua. Mwisho unachora mistari miwili, mmoja wa taifa, mmoja wa kwetu. Wa taifa ulikuwa unapanda. Wa kwetu ulikuwa chini sana, umelala tangu mwanzo hadi mwisho.

Dokta Bonifasi, mkuu wetu wa mradi, aliuonyesha mstari huo kwenye kikao. Bwana mmoja alisema ni hewa ya huku juu uwandani. Mwingine akasema ni mihogo, na kwamba watu wa Dar es Salaam wanauawa na chipsi. Kikao kizima kilicheka. Mimi niliyeuchora niliona fahari, kama mtu aliyesikia kwao kunasifiwa. Baada ya kikao Dokta Bonifasi aliniita pembeni akaniambia kwamba haamini, na kwamba niende vijijini, nyumba kwa nyumba, nikaulize waliofiwa.

Nilianzia Lupaso, kwa mzee Selestini, aliyefiwa na mkewe Dorika. Alinipokea vizuri, akanipa kiti yeye akakaa mkekani, akasema serikali imemaliza kuhesabu magunia ya korosho sasa imehamia kwa wafu. Nilimuuliza Mama Dorika aliumwa nini. Alisema tumbo. Nikauliza tumbo la namna gani. Akasema kwamba mkewe alikuwa akitoka damu, naye umri wa kutoka damu ulikwisha kupita zamani, na kwamba hayo ni mambo ya wanawake, niwaulize waliomuosha. Nikaenda kwa waliomuosha. Walinikaribisha uji, wakaniuliza kwetu ni wapi na kama nimeolewa. Nilipouliza juu ya Dorika walitazamana, wakasema tumbo.

Ikawa hivyo kila nilipokwenda. Mtu alikuwa na tumbo, au presha, au aliishiwa damu, au alitupiwa kitu na jirani. Siwezi kusema walinidanganya. Walikuwa wanamsitiri mtu wao. Niliitambua ile namna ya kutazamana kabla ya kujibu, kwa sababu nimekua nikiiona usoni kwako.

Tangu nikiwa mdogo wanakuja kukuita. Mtu akifa Mnyambe, na hata vijiji vya jirani, wanakuja kumwita Mama Stamili aje aoshe. Ulikuwa ukifunga kanga mbili, unatoka bila kula. Nakumbuka shida ya maji, watu wakizunguka na ndoo kukusanya maji ya mvua kwenye visima vya majirani ili marehemu asikose maji yake ya mwisho. Ukirudi nilikuuliza umeona nini, nawe uliniambia kwamba mwoshaji huyaacha macho yake chumbani. Nililipenda sana neno hilo. Nililibeba mpaka chuoni.

Baada ya Lupaso nilifika kwenye majina ya waliofariki Mnyambe. Stamili alikuwamo. Alikufia nyumbani, na sababu iliyotajwa ilikuwa presha, ile ile uliyoniambia wewe nilipofika nikiwa nimechelewa mazishi, na viatu vya safari bado viko miguuni. Sikuwa na haja ya kwenda kumuuliza mtu juu ya dada yangu mwenyewe. Lakini kazi ni kazi, na shemeji Petro yuko hapa hapa Mkomaindo na karakana yake ya pikipiki. Nilikwenda mwezi wa nane.

Petro alifuta mikono, akaniuliza kama namuuliza kwa ajili ya kazi au namuuliza kama shemeji. Nikamwambia kwa ajili ya kazi. Akasema basi kama ni kazi atasema, maana kama shemeji aliahidi kunyamaza. Alisema alidhani siku zote nilijua. Lilikuwa ziwa, Mama. La kushoto. Lilianza kama punje ya harage, na Stamili alikuonyesha wewe kabla ya kumwonyesha yeye mumewe. Alisema mwisho mlikuwa mkichoma udi kutwa nzima ili wageni wasisikie harufu ya kidonda, na kwamba siku ya kuosha uliwatoa wote chumbani ukabaki na Bi Josephina peke yake. Sasa Bi Josephina naye ametangulia, na kinywa chake kimefungwa.

Nilimuuliza Petro kwa nini. Alisema Stamili mwenyewe ndiye aliyekuomba. Aliogopa watu waseme kwamba maziwa yake yalikuwa mabovu, na kwamba Happiness aliyanyonya. Aliogopa mtoto asiolewe. Wewe ukamwahidi. Nilimuuliza yeye kama baba, kwa nini hajamwambia bintiye. Akasema mkwe wake alimpigia magoti, mtu mzima kama wewe, na yeye angefanya nini? Halafu akasema mtoto ni wa kwenu, wenye mji ni ninyi, kama kuna wa kusema ni ninyi. Akarudi kwenye pikipiki yake. Aliishika spana muda mrefu bila kufungia chochote.

Sikulaumu, Mama. Nataka Happiness alisome neno hili mara mbili. Ulimtunza mwanao namna alivyoomba kutunzwa, na najua ulilia peke yako kwa sababu ulikuwa huna wa kulia naye kwa jina lenyewe la kilichomuua. Watu wanakuita Mama Stamili kila siku, na kila wakikuita unalisikia lile neno usilolisema.

Nilirudi ofisini nikamhesabu Stamili mahali pake. Nikawahesabu na wengine ambao ndugu zao walikubali hatimaye kusema, akiwemo Dorika, maana mzee Selestini aliniita tena akaniambia yote. Mstari wetu umeanza kunyanyuka. Lakini siku ile nilipomwingiza dada yangu peke yake nilikaa nikautazama, na haukusogea hata kidogo. Katika watu laki moja, mtu mmoja haonekani.

Sasa nifike kwenye hali yangu.

Wakati wa Ramadhani, nikioga, niligusa kitu chini ya kwapa, karibu na ziwa. Kilikuwa kigumu na hakiumi. Nilikwenda kwa nesi. Aliniuliza kama kuna mtu katika familia yetu, mama, dada au shangazi, aliyewahi kuugua saratani. Nilijibu bila kufikiri kwamba hakuna. Nilijibu kama walivyokuja kunijibu Lupaso baadaye, tofauti ni kwamba mimi niliamini. Hata hivyo aliniandikia nikachukuliwe kinyama kidogo kwa kipimo. Sikwenda. Unajua nilijitulizaje? Nilifungua kompyuta nikautazama ule mstari wa wilaya yetu uliolala chini. Nikajiambia kwamba kwa umri wangu, na kwa watu wa huku, jambo hili ni nadra mno. Wakati huo Dokta Bonifasi alishaniambia haamini, nami mwenyewe nilikuwa nikijiandaa kwenda Lupaso kuuhakiki. Nilikuwa na shaka na mstari kwa ajili ya watu wote, nikauamini kwa ajili yangu.

Siku iliyofuata ile ya Petro nilikwenda kupima. Majibu yalichelewa, yametoka wiki iliyopita. Ni ile ile ya Stamili, Mama, na imefika kwenye tezi za kwapa. Daktari hakunificha, nami sikutaka anifiche. Alisema bado kuna la kufanya, kukatwa, dawa za dripu na mionzi, na kwamba ningekuja mwezi ule wa Ramadhani tungekuwa tunazungumza mengine. Natakiwa kuanza Dar es Salaam mwezi ujao. Nakuomba uje twende wote. Njoo hata kama mikorosho inadondosha. Najua jicho halioni vizuri. Nitakushika mkono, na wewe utanishika mimi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lazima nikiri, na huenda utanikasirikia kwa ajili yake kuliko yote. Ningeweza kumpa Mudathiri barua hii akusomee mkiwa wawili mmefunga mlango. Nilifikiri hivyo, na niliandika bahasha ya kwanza kwa jina lake. Kisha nikaichana. Nimeiandika hii nikijua kwamba itasomwa kwa sauti ya Happiness. Nimejua tangu salamu ya kwanza. Kama amesoma bila kuruka, basi keshajua mama yake alikufa kwa nini, na amejua mbele yako, ameketi karibu yako, na siyo peke yake kwenye chumba cha nesi akijibu kwamba hakuna.

Umevunjiwa ahadi na mimi, siyo na nafsi yako. Ikifika siku ya kumjibu Stamili, mwambie Hamida ndiye aliyesema.

Happiness mwanangu, samahani. Hukustahili kuyasoma haya kwa sauti. Mama yako hakuwa na maziwa mabovu. Alikunyonyesha vizuri, nilikuwapo, na ulikuwa mnene mpaka tulikucheka. Alinyamaza kwa kukupenda, na mimi nasema kwa kukupenda, na sijui ni nani kati yetu amekuumiza zaidi. Uje na bibi yako hapa Masasi. Nesi nimeshazungumza naye. Akikuuliza lile swali la familia, utamjibu kwamba wapo wawili, utawataja kwa majina.

Mama, nina ombi la mwisho, kisha nikuache upumzike. Nataka kupona na nitajitahidi. Lakini ikiwa siku moja watakuja kukuita, na wa kuoshwa nikawa mimi, osha kama unavyojua, ufunge mlango, unifunike yote ya kufunikwa. Ukitoka nje na watu wakakuuliza niliumwa nini, usiwaambie presha.

Wasalimie majirani wote, na Mudathiri na watoto wake. Mwambie asiuze korosho zote kwa pupa. Mimi nakusubiri kituoni. Anwari atawaleta atakaporudi, nimeshamwomba nafasi mbili za mbele.

Happiness, mpe bibi maji ya kunywa. Akinyamaza muda mrefu, usimwache. Akikuambia umsomee tena, anzia pale kwa mama yako.

Ni mimi mwanao,
Hamida, mdogo wake Stamili