Hervé ametoka gerezani, mimi bado nashuku

Ijumaa. Baridi ya Juni imekaza tangu asubuhi, na vumbi jekundu la Kampemba limeingia hadi ndani ya cherehani yangu. Sijashona kitu leo.

Mdogo wangu Hervé, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, amelala chumba cha pili. Amelala na viatu miguuni, kama mtu anayeogopa kuitwa.

Mahakama ya rufaa imemwachia. Majirani walikuja, wakaimba, wakala bukari na sombe, wakaondoka. Mimi ndiye niliyepaswa kupiga vigelegele kuliko wote, maana rufaa hii niliisukuma kwa mabega yangu mwenyewe. Nimevipiga. Lakini liko jambo ambalo sikuweza kumwambia mtu yeyote pale uani, nalo naliandika hapa.

Bado nashuku.

Majina yote nimeyabadilisha. Wa mtaani kwetu watatujua tu. Basi na watujue.

Jirani yetu, nimwite Papa Kabeya, alikuwa na ghala la magodoro. Alipolipanua, ukuta wake ulikula sehemu ya kiwanja chetu, kile alichotuachia marehemu baba. Tulilalamika, hakuna aliyetusikiliza. Hervé ni mchomelea vyuma, na moto wa kazi yake wakati mwingine humwingia mdomoni. Siku moja alisimama katikati ya barabara akapaza sauti: “Huu ukuta utaanguka, na yote yenye kuwa nyuma yake itaanguka nao!” Mtaa mzima ulisikia.

Baadaye, jioni moja umeme ulipokatika, ghala likaungua. Mlinzi aliungua mikono akivuta magodoro nje. Kulipokucha polisi walikuja kumchukua Hervé.

Papa Kabeya ni mtu wa Kasai, sisi asili yetu ni Mitwaba, humu humu Katanga. Wapo waliotamani kesi hii igeuke ugomvi wa makabila. Mimi nilikataa. Shaka yangu nimeigawa kwa kila mtu bila kuuliza kabila lake.

Shahidi alikuwa mmoja tu, Mama Béa, anayekaanga mikate ng'ambo ya barabara. Mara ya kwanza alipoulizwa mahakamani alisema, nami nilikuwa nimekaa nyuma yake: “Niliona muntu murefu, na koti, anatoka mbio. Sura sikuiona. Courant haikukuwa.”

Nikapumua. Gizani, bila umeme, watu warefu wenye makoti ni wengi Lubumbashi, hasa wakati wa baridi.

Kwetu kesi kama hii husikilizwa na majaji watatu. Kabla ya hukumu mmoja wao akaugua, wakamwita avoka, wakili mmoja wa mjini, akalie kiti chake. Sheria inaruhusu. Huyo jaji wa kuazima akasema hakuwepo shahidi alipozungumza, kwa hiyo Mama Béa arudi aseme upya. Nani angepinga? Lilikuwa jambo la haki kabisa.

Mama Béa akarudi. Safari hii alisimama wima, kitambaa kipya kichwani, akasema: “Nilimuona Hervé. Aligeuka, moto ikamumulika sura.”

Sikumtazama yeye. Nilimtazama yule jaji wa kuazima. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kabla Mama Béa hajamaliza sentensi, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

Hervé akafungwa.

Avoka wetu, Maître Kalenga, hakufungua mdomo. Na tulipotoka nje ya mahakama nikamwona akipeana mkono na yule jaji, wanacheka. Nikamuuliza wanajuana vipi. Akaniambia walisoma pamoja chuo kikuu, pale Kasapa.

“Clarisse, hapa Lubumbashi ba-avoka bote tulisoma pamoja,” akasema.

Tangu siku hiyo nikawa namsikiliza Maître kama ninavyosikiliza injini ya gari bovu. Alipokawia kupokea simu, nilisema ameuzwa. Alipoipokea upesi, nilisema anataka kujua ninachojua. Sijivunii hilo, lakini ndivyo nilivyoishi.

Kisha akaja Mama Ngalula, mke wa Papa Kabeya.

Aliingia kwangu na kikwembe kipya, akasema anataka kushonewa. Mitaa yote hii, na mafundi wote waliopo, aje kwangu! Nikachukua futi nikaanza kumpima. Kila nilipoizungusha, kifuani, kiunoni, nilikuwa najiuliza: huyu mama anataka nini?

“Ule juge wa tatu,” akasema bila kunitazama, “alikuya kwetu. Njo miye nilimupikia bukari na kuku.”

“Lini?”

“Kabla ya Mama Béa kurudia tribunal. Na Mama Béa alikuwa pale. Balikula meza moja, na bwana yangu.”

Futi ilinidondoka. “Na juu ya nini unaniambia miye?”

“Siyue, mama. Tangu ile siku, nikisimama ku mbabula kupika, mukono inakuwa muzito.”

Aliacha kikwembe chake akaenda. Nikakaa nakitazama kana kwamba kinaweza kuniuma. Labda ni mtego: nikapeleke maneno hayo, yeye ayakane, tuonekane waongo. Labda amegombana na mumewe, anatafuta fimbo ya kumchapia. Labda anamjua aliyewasha ule moto, na dhamiri inamkimbiza. Kwa nini mwanamke amvue nguo mume wake mwenyewe kwa ajili ya ndugu wa jirani?

Labda ni kweli mkono wake ulikuwa mzito, basi.

Nilimpelekea Maître Kalenga habari ile, nikamkazia macho. Akavua miwani, akajifuta uso kwa kiganja.

“Leo nimepoteza rafiki,” akasema.

Akaandika sababu za rufaa: jaji aliyekula mezani kwa mlalamikaji, tena pamoja na shahidi, hakuwa jaji, na maneno ya shahidi aliyerudishwa baada ya mlo huo hayafai kumfunga mtu. Nilimwomba anisomee kila mstari. Alinisomea kwa upole, nami upole wake nikaushuku.

Mbele ya mahakama ya rufaa nilikuwa na hakika Mama Ngalula hatatokea. Akatokea, amevaa kile kikwembe nilichomshonea. Papa Kabeya alikuwa kwenye benchi la mbele, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa.

Jaji aliyeongoza kikao, mama mmoja mwenye sauti ndogo, akamuuliza kama ana hakika na watu aliowaona kwake.

“Mama juge, muntu mwenye kupika anajua nani alikula.”

Papa Kabeya aliinamisha kichwa, akakaa hivyo hadi mwisho. Mama Ngalula alitoka peke yake, akapita karibu nami bila kunisalimu. Nimesikia sasa anakaa kwa dada yake.

Hukumu ya kwanza ikafutwa. Majaji wakasema watasikiliza kesi wenyewe, tangu mwanzo. Maana yake Mama Béa arudi mara ya tatu.

Akarudi. “Nilimuona Hervé. Aligeuka, moto ikamumulika sura.” Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi.

Mama jaji akamwambia: “Ile ya sura, tuiache. Tuambie alikimbilia upande gani.”

Mama Béa akaanza: “Nilimuona Hervé. Aligeuka...”

“Mama, niliuliza upande gani.”

“Nilimuona Hervé.”

“Weye ulikuwa umekaa ao umesimama?”

Niliona mikono ya Mama Béa, ile mikono inayogeuza mikate kwenye mafuta ya moto bila woga, ikishika ubao wa mbele yake kwa nguvu. Halafu akalia. Akasema, na ukumbi wote ukasikia:

“Mugongo, nilimuona miye mwenyewe. Sura, balinipatia.”

Alipoulizwa nani alimpatia, alilia tu. Hakumtaja mtu.

Leo ndiyo imesomwa hukumu. Ushahidi hautoshi, na palipo na shaka, anayefaidika nayo ni mshtakiwa. Mama jaji alisoma bila kuinua macho. Maître Kalenga alinikumbatia, nikasikia aibu. Mtu huyu nilimla nyama kimoyomoyo kwa miezi mingi, na kumbe alikuwa akifanya kazi yake.

Basi ningetulia, sivyo? Meza ilikuwa chafu, jaji wa kuazima alikuwa mchafu, sura ilikuwa ya kupewa. Yote niliyoyashuku yalikuwa kweli.

Lakini mgongo haukuwa wa kupewa.

Mtu mrefu mwenye koti alitoka pale mbio. Jioni ile Hervé aliingia nyumbani koti lake likinuka moshi. Alisema alikwenda kusaidia kubeba maji ya kuzimia, na mtaa mzima ulibeba maji, mtaa mzima ulinuka moshi. Nilimwamini. Ila wakati yeye yuko gerezani, niliwauliza majirani mmoja mmoja, kwa ujanja, kama askari: nani alikuwa mbele yako kwenye foleni ya ndoo? Nani alikuwa nyuma? Hakuna aliyemtaja Hervé. Hakuna pia aliyesema hakuwepo. Kulikuwa na giza, watu wanapiga kelele, nani anakumbuka ndoo ya nani?

Nami huku nikipeleka chakula gerezani, namwambia: “Kaza moyo, mudogo wangu, tunajua uko innocent.” Tunajua! Nilikuwa sijui kitu.

Leo wageni walipoondoka nikamletea beseni anawe mikono. Amekonda, vifundo vya vidole vimetokeza. Nikammwagia maji, na swali likanitoka lenyewe.

“Hervé, ule moto. Ni weye?”

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

“Hapana, Yaya. Haikukuwa miye.”

“Nakuamini,” nikasema, upesi mno, na yeye akausikia upesi ule.

Akajifuta mikono kwenye suruali. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikimwambia sindano haitauma.

“Na kama ningesema njo miye,” akauliza, “ungefanya nini? Ungerudia kwa juge?”

Nilisema maji yamechafuka. Nikachukua beseni nikatoka. Niliporudi alikuwa amelala, au amefumba macho.

Kwa hiyo nimekaa hapa na swali lake. Nikisema ningerudi kwa mama jaji, najua nadanganya. Ni mtoto niliyembeba mgongoni. Nikisema ningenyamaza, basi ile mikono ya mlinzi iliyoungua ningeipita vipi kila siku pale kwenye geti la Papa Kabeya?

Labda amesema kweli. Nimelisikiliza lile “hapana” lake kichwani tangu wageni walipotoka, nikilipindua kila upande, na sioni ufa. Nataka kuliamini. Nadhani nitaliamini, pole pole, kama mtu anavyozoea jino jipya.

Ila kuna mwanamke aliyesimama akasema alichokijua, mumewe akiwa amekaa mbele yake. Mimi mbele ya mdogo wangu, ndani ya nyumba yangu, sikuweza hata kulijibu swali.

Je, kama angesema ndiyo, ningesimama?