Picha Yako Tuliyoifuta Kwenye Kompyuta ya Neema

Baba Neema,

Sitakuuliza hujambo, maana huko uliko hakuna wa kuniletea jibu. Sisi tuko wazima. Upepo wa Singida ni uleule, kibanda chetu cha kutengeneza kompyuta hapa Utemini kipo palepale, sasa nakishika mimi, na vumbi nalifuta asubuhi, jioni limesharudi kama limesahau kitu. Naandika barua hii wazi, asome anayetaka, kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyeachiwa mashine na marehemu. Ila maneno ni yako. Kuna jambo nimelifanya na sitaki ulisikie kwa watu.

Nimeifuta picha yako kwenye kompyuta ya Neema.

Usinune kwanza. Nisikilize.

Unaikumbuka siku uliyoileta. Ofisi moja hapa mjini ilikuwa inatoa vitu vyake chakavu, wewe ukarudi na lile boksi jeusi limefungwa kwenye bodaboda kwa mpira, umelikumbatia kwa nyuma. Nikakuuliza, hiyo ni kompyuta au jeneza? Ukasema, "Ya kale dhahabu, Mama Neema." Nikakuambia dhahabu gani inakoroma. Maana ilikuwa inakoroma kweli, feni lake mpaka jirani alisikia. Ulikaa chini ukaanza kuifungua, na chakula nilichokuwekea kikapoa.

Ulitaka kuiwekea prosesa, ule ubongo wa mashine, mpya zaidi ya umri wake. Bodi inayobeba vifaa vyote ikaikataa. Ndipo uliponieleza kwa mara ya kwanza habari za BIOS, ule mpango mdogo unaokaa kwenye chipu ya bodi, unaoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuviita vifaa kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina. Kifaa kisichojulikana na BIOS ni kama hakipo. Mafundi wengine wakifika hapo husema kompyuta imezeeka, nunua nyingine. Wewe ulisema, "Haijazeeka, haijafundishwa." Ukaitoa BIOS ile kama faili, ukaifungua, ukaongeza yale ambayo kiwanda hakikuongeza, ukairudisha. Prosesa ikasomeka. Ulitembea kifua mbele wiki nzima, sikukusifu sana, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Na ukiwa humohumo ndani ya faili, ukaondoa nembo ya kiwanda inayotokea kompyuta ikiwashwa, ukaweka picha yako. Umeshika bisibisi, shati halina kifungo cha pili, na chini yake umeandika: "Neema, umekula?"

Jamani, Baba Neema. Watu wanaweka maua, wanaweka simba. Wewe ukaweka hilo. Neema alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila akiwasha, kabla ya Windows, unatokea wewe na swali lako, naye anajibu kwa sauti, "Nimekula, baba." Hata kama hajala. Ulipotutoka hakuacha. Nilikuwa namsikia chumbani kwake, nikajifanya naosha vyombo.

Kazi yangu katika ufundi wako naikumbuka vizuri pia, usidhani. Ilikuwa kwenda kukaa kwa Mzee Hamisi. Wasomaji wasioijua Utemini niwaambie: Mzee Hamisi ana mashine ya kukamua alizeti ukuta kwa ukuta na sisi, na ikianza kukamua, taa za mtaa mzima zinafifia. Mwanzoni hukujali. Ukawa unaingiza BIOS mpya kwenye bodi ya mteja, katikati ya kazi Mzee Hamisi akawasha mashine yake, umeme ukashuka, na bodi ikafa hapohapo, haina hata mlio. Ulikaa ukaitazama kama mtu aliyeangusha mtoto. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria: hakuna kuingiza BIOS mpaka Mama Neema akakae kwa Mzee Hamisi, apige naye soga, ahakikishe mashine imezimwa. Nimesikiliza habari za ng'ombe wa mzee yule mpaka nawajua kwa rangi. Wateja wake wenye magunia walizoea. Walikuwa wanasema, "Tungoje, kwa fundi kuna upasuaji."

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Neema yuko mwaka wa pili Dodoma, anasomea takwimu. Alipokuja likizo alikuja na kompyuta yake kwenye basi, ameifunga kwenye blanketi. Wenzake wana laptop, yeye anasafiri na lijeneza lako, na hasikii la mtu. Alikuwa na kazi ya chuo ya kumalizia kabla hajarudi, kazi yenyewe inahesabika kwenye matokeo. Siku ya pili yake ikatoka harufu ya kuungua. Diski imekufa, na imekufa pamoja na sehemu ya bodi inayopokea diski za aina hiyo. Nilijaribu diski nyingine, ya tatu, kila tundu. Hakuna kitu. Kazi yake, ashukuriwe Mungu, alikuwa na nakala kwenye flashi. Lakini mahali pa kuifanyia ndipo hapakuwepo.

Kaka yangu wa Manyoni ndiye aliyetuokoa, na hadithi yake usicheke. Alikuwa amepanda lori na mzigo wake wa vitunguu, gunia likadondoka juu ya laptop yake. Kioo kwisha, kila kitu kwisha, isipokuwa diski, ile ya kisasa, nyembamba kama biskuti. Akaituma kwa Neema na ujumbe: "Mjomba wako kala hasara, wewe kula faida." Diski hiyo inaweza kupachikwa kwenye kompyuta ya zamani kwa kikadi kidogo, kinaingia kwenye tundu ambalo halikuungua. Nikapachika. Nikawasha.

Ukatokea, ukauliza kama amekula, halafu ikaandika hakuna diski.

Nikajua ni lilelile la prosesa. Bodi haijafundishwa. BIOS uliyoirekebisha wewe ilikuwa inajua vitu vya wakati wako, na diski za namna hii zilikuwa hazijafika kwetu. Kinachotakiwa ni kuongeza kipande kingine kwenye faili lako, kinachoifundisha bodi kuwaka kutoka kwenye diski mpya. Kipande chenyewe kinapatikana, mafundi duniani wanapeana bure. Nikalifungua faili lako kwa programu zako, kwenye kiti chako, kama nilivyokutazama ukifanya, na nikakiweka.

Ikakataa. Nafasi haitoshi.

Nikaanza kutafuta ni nini kimejaa mle. Weee. Kumbe ni wewe. Vitu vyote vya kiwanda vimekaa kwa adabu, vidogovidogo, halafu katikati picha yako, imejitandaza kama mgeni wa harusi. Nikajaribu kuipunguza. Nikapunguza, nikapunguza, mpaka ukawa hujulikani kama ni mtu au ni mche wa alizeti, na bado nafasi haikutosha. Nikajaribu kuacha maneno peke yake. Bado. Vitu vingine vyote nilivyovigusa vilikuwa vya lazima, ukitoa kimoja bodi haiamki. Kitu pekee kisicho na kazi mle ndani kilikuwa wewe.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikusema peke yangu kibandani kama uko mlangoni. Nilisema, mwanamume gani anajaza chipu nzima sura yake bila kufikiri kesho? Nakukumbuka kila siku, lakini siku ile nilikukumbuka kwa hasira. Baadaye nikalia, na nikamwita Neema.

Nilimweleza kama ilivyo. Akasema, "Hapana, mama. Kazi yangu nitaifanyia stationery, kwenye kompyuta za kukodi."

"Siku ngapi? Na ukirudi Dodoma?"

"Nitajua."

"Neema, picha ninayo. Naihamishia kwenye simu yako sasa hivi."

Akanitazama kwa yale macho yako. "Kwenye simu mpaka mimi nimtafute. Huku ananitokea mwenyewe."

Nikatoka, nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Niliporudi nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, anaizima na kuiwasha, anaizima na kuiwasha. Ulikuwa unauliza, anajibu. Nikasimama pale mlangoni mpaka akachoka. Mwisho akasema bila kugeuka, "Baba angekubali kompyuta ilale kabatini kwa ajili ya picha yake?"

Nikacheka, uniwie radhi. Wewe? Wewe uliyetoa feni ya friji yetu ukaifunga kwenye kompyuta ya mteja? Nikamwambia, "Baba yako angetufukuza wote wawili kwa kuchelewa hivi."

Asubuhi nikaenda kwa Mzee Hamisi. Msimu wa alizeti umeshika, magunia yamepangwa mpaka barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Nimekuja kuomba uzime kidogo."

Tangu ulipoondoka hakuna aliyemwomba azime. "Nani anaingiza?"

"Mimi."

"Na nani atakaa hapa kunizuia?"

"Hakuna, mzee. Nakuamini."

Akawageukia wateja wake akawaambia watulie, kwa fundi kuna upasuaji. Mmoja akaguna kwamba fundi si amefariki. Mzee Hamisi akazima meni swichi ya umeme kabisa, mwenyewe akasimama mbele yake, mikono nyuma.

Nilikuwa sina njia ya kurudi nyuma, hilo ulijue. Kile kibanio chako cha kufufulia chipu iliyokufa kimeng'oka meno, nimeagiza kingine hakijafika. Kwa hiyo ilikuwa mara moja tu. Ikienda vibaya, nimempoteza baba yake na kompyuta yake kwa pamoja. Nilihifadhi kwanza faili lako la zamani, mara mbili, nikalinganisha kama ulivyonifundisha. Halafu nikafika kwenye picha, kidole kikagoma.

Neema akaweka mkono kwenye mausi. "Nifute mimi, mama. Ni baba yangu."

Nikamwambia, "Binti, alikuwa mume wangu kabla hajawa baba yako. Toa mkono."

Nikafuta mimi. Nikaweka kipande kipya. Safari hii kikaingia, na nafasi ikabaki. Nikaanza kuingiza. Asilimia zikapanda taratibu, Neema ameshika kanga yangu kama alipokuwa na miaka minne kwenye foleni ya kliniki. Ikafika mwisho, ikajizima, ikajiwasha.

Giza.

Feni linazunguka, kioo cheusi. Neema akasema mama, nikasema subiri. Akasema mama tena. Wewe uliniambia zamani, ikikaa kimya usiiguse, inajitafakari. Ulisema kirahisi, kwa sababu ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia mtoto. Ndipo kikatokea kimstari juu kushoto, na jina la ile diski ya mjomba wake, limeandikwa vizuri kabisa, la kwanza kwenye orodha.

Nilipiga kigelegele, Baba Neema. Peke yangu. Kule ng'ambo ya ukuta nikasikia Mzee Hamisi anasema, "Alhamdulillah, haya leteni magunia."

Neema hakupiga kigelegele. Aliizima, akaiwasha tena, makusudi, atazame pale ulipokuwa unatokea. Hapana kitu, kioo kimelala cheusi halafu inaendelea. Akalia kidogo, akajifuta kwa kiwiko, akaweka Windows, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshakaa na takwimu zake, hataki kusemeshwa. Kazi aliimaliza. Kompyuta ile sasa inawaka upesi mno. Zamani uliikawiza mpaka mtu anamaliza kupiga mswaki.

Nami nikuambie ukweli: inaniuma, na ninajivunia. Yote mawili yako moyoni kwa pamoja na sioni moja likimfukuza mwenzake. Nilidhani nikikufuta nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kazi, yenye woga wake, na nilipoimaliza nilikuwa na njaa.

Nilimsindikiza stendi na boksi lake kwenye blanketi. Kondakta akauliza humo kuna nini, Neema akamwambia mzigo wa familia.

Jana amepiga simu. Anasema mwenzake wa chumbani alikuwa anaitazama kompyuta ikiwaka, akauliza mbona inaanza na giza hivyo, au ina ugonjwa. Nikamuuliza, ukamjibu nini?

"Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Hapo baba anapita."

Nilisema mtandao unakatakata, nikakata simu mimi.

Pita salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema