Mara ya Pili Uwanjani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Guangzhou tu wazima. Shangazi yako Rehema kaenda soko la Zhongda kuchagua vitambaa, kaniacha ofisini kwake na amri ya kutulia. Nimeshasimama dirishani mara sita.

Hongera kwa ukocha mkuu wa besiboli hapo chuoni. Unauliza nilifanyaje mrushaji wangu alipoyumba. Nilikuwa kocha kijana, siku ya fainali, na tulikuwa tunaongoza. Nikaingia uwanjani, nikamtuliza Musa, mrushaji wangu, nikarudi kwenye benchi. Kukaa kukanishinda. Mpira mmoja tu ukaenda kombo, nikamwendea tena, nimwambie avute pumzi. Mwamuzi akaninyooshea mkono: kocha akimwendea mrushaji mara ya pili katika zamu ileile, lazima amtoe. Na kanuni hiyo nilikuwa naifundisha mwenyewe!

Musa akanikabidhi mpira. "Kocha, mimi nilikuwa sawa. Ungekaa tu."

Tukafungwa. Makombe nilipata baadaye, lakini hata rangi zake nimesahau.

Kwa barua hii nimeshakujia uwanjani mara moja. Siku ya mechi yako ya kwanza, nimemwomba shangazi yako anifichie simu.

Babu yako