Vidole Vyangu Kwenye Mstari wa Salamu

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri na milima iliyo juu ya Uvira haijaonekana kutwa nzima. Mvua ya namna hii huingia kwenye vidole vyangu kabla haijagusa paa. Naandika haya kwenye simu, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na nina hasira, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu aende kwingine.

Leo nimetolewa kwenye piano.

Hapa mtaani Rugenge naitwa Mama Neema wa piano. Kanisani kwetu nimepiga tangu kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu mpaka hiki cha umeme chenye vitufe vingi kuliko akili ya walionunua. Watu wameoana nikipiga, wamezikwa nikipiga. Wachungaji wamebadilishwa, mimi sikubadilishwa. Nilidhani ni kwa sababu ya kipaji. Labda ni kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Basi vidole vyenyewe. Kwenye viungo vya mwisho, karibu na kucha, vimeota vinundu vigumu kama punje za mahindi chini ya ngozi. Gumba linauma kwenye shina. Kidole cha kati nikikikunja kinagoma kukunjuka, inabidi nikifungue kwa mkono mwingine, na kinatoa mlio. Kuna asubuhi siwezi kufunga vifungo vya blauzi, na bugali siku hizi naupika laini kama wa mgonjwa kwa sababu mwiko umenishinda.

Nilikwenda kwa daktari. Kijana. Alivibonyeza kimoja kimoja akasema viungo vimelika, ni arthrose, nivipumzishe. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia napiga piano kanisani.

"Aa, heri," akasema. "Minye nilifikiri uko mulimaji."

Vidonge vyake nilivimeza. Kupumzika sikupumzika, wala sikumwambia mtu. Ukisema vidole vinauma, kesho kamati ya korale, kwaya yetu, inakuombea na kesho kutwa inakutafutia mrithi. Naijua kamati hiyo, nilikaa ndani yake miaka mingi na kuombea watu hivyo hivyo.

Badala yake nikaanza kuiba. Piano yetu ina kitufe kinachoitwa transpose. Ukikibonyeza, sauti ya piano nzima inapanda au inashuka, wewe unabaki na vidole vyako mahali pale pale. Mtu anayejua kupiga kwenye ufunguo wa do peke yake anaweza kupitia nyimbo zote za kitabu na kuonekana fundi. Mimi nilikiita mkongojo. Kila aliyekitumia nilimcheka mbele ya korale nzima, na niliyemcheka kuliko wote ni Esta, mtoto wa kaka yangu, ninayemfundisha kila Jumatatu. Nilikifunika kwa plasta ili asikifikie.

Plasta hiyo niliibandua mwenyewe siku moja nikiwa peke yangu kanisani. Nyimbo za ufunguo wa mi bemoli zina vibao vyeusi vingi, na vibao vyeusi vinataka vidole vitanuke. Vyangu havitaki. Basi nikawa nazipiga kwenye do, nimepandisha kitufe hatua tatu, na watu wanasema amina.

Leo wimbo wa kwanza ulikuwa mi bemoli. Niliuiba vizuri. Wa pili ulikuwa wimbo mkubwa wa korale, ule ambao Papa Byamungu, prezida wetu, anaimba peke yake katikati huku amefumba macho ili tumwone. Huo ni wa do tangu tuujue. Nilichotakiwa kufanya ni kurudisha kitufe chini kabla ya kuanza. Lakini kidole cha kati kilikuwa kimegoma, nilikuwa nakifungua chini ya piano kwa mkono wa kushoto, na Papa Byamungu alikuwa tayari ameinua mkono. Nikaanza.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba sikusikia kitu. Spika zinawatazama waumini, mimi niko nyuma yake. Sikusikia kosa langu, niliona. Niliona mishipa ya shingo ya wanaume. Niliona soprano wanatazamana.

Ningeweza kusimama. Wapiga piano husimama, hucheka kidogo, huanza upya. Ila kusimama kungekuwa kunyoosha mkono mbele ya watu wote na kukibonyeza kile kitufe.

Niliendelea.

Soprano waliacha mmoja mmoja. Akabaki Papa Byamungu na fumba-macho lake, akafika pale pa juu, sauti ikamkatika kama ya jogoo anayejifunza. Watoto wakacheka, halafu mama zao. Sitasema uongo kwenye shajara yangu: nami nilitaka kucheka.

Ndipo Esta akatoka kwenye safu ya alto, akaja akainama juu ya bega langu. Kwa ajili ya mvua hakuweza kunong'ona.

"Tantine, transpose iko juu."

Akakibonyeza. Korale nzima ilisikia. Wakatazama mahali palipokuwa na plasta, wakatazama mikono yangu, na nikaona jinsi akili zao zinavyopanga mambo taratibu. Papa Byamungu alikuja akasimama mbele yangu, jasho kwenye paji la uso.

"Mama Neema, umechoka. Achia mutoto."

Nilisimama. Esta akakaa pahali pangu, kiti kikiwa bado na joto langu.

Kilichonimaliza hakikuwa hicho. Kwetu, ibada ikiisha, wa kwanza kutoka anasimama mlangoni. Wa pili anampa mkono kisha anasimama kando yake, wa tatu anawapa mkono wote wawili, hivyo hivyo mpaka mstari unazunguka kanisa, na hakuna anayekwenda nyumbani bila kugusana na kila mtu. Mimi sijasimama kwenye mstari huo tangu usichana. Mpiga piano hubaki ndani akipiga wimbo wa kutokea mpaka wa mwisho atoke. Nilikuwa nimesahau kuna watu wangapi kanisani.

Leo, kwa ajili ya mvua, mstari ulibanana kwenye baraza na sikupata pa kupenya. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Makobola, amekuja kumtembelea mwanawe, mikono yake ya kuvuta nyavu. Sikumpa kiganja. Nilimpa kifundo cha mkono, kama tunavyosalimia mtu tukiwa na tope au mafuta vidoleni. Alikitazama.

"Mama, leo ni dimanche, siku ya Mungu. Weye uko unatoka ku samaki?"

Baraza likacheka. Nikampa vidole. Akavishika kwa upendo wote wa watu wa ziwani, na machozi yakanitoka, na akadhani nimebarikiwa.

Baada yake sikuhesabu. Vijana wanatikisa. Wazee wanashika na kusahau kuachia. Papa Byamungu alipotoka, alinishika kwa mikono miwili, akanikaza pale pale kwenye vinundu, na uso wake ulikuwa uso wa kanisani kabisa.

"Mungu akupe kupumzika, Mama."

Alijua. Aliendelea kukaza mpaka alipomaliza kutabasamu.

Na ndani Esta alikuwa anapiga. Wimbo wa kutokea ni mi bemoli. Nilisimama kwenye mstari ule, mikono inawaka moto, nikitega sikio nisikie kosa. Nilimwomba Mungu kosa moja tu. Halikuja. Nilimjua kwa namna alivyoingia kwenye vibao vyeusi, gumba likipita chini kama nilivyomfundisha, bila mkongojo. Alipiga ubeti juu ya ubeti, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia asiache mpaka mtu wa mwisho atoke.

Alitoka yeye mwenyewe wa mwisho. Akapita kwa wote, akafika kwangu. Nikamnyooshea mkono, umevimba, mwekundu. Hakuushika. Alishika kifundo, taratibu, kwa vidole viwili, kama mtu anayemsalimia mwenye mikono michafu, na watu wote walikuwa wanatazama.

Alinihurumia. Mtoto niliyemfunikia kitufe kwa plasta alinihurumia mbele ya kanisa.

Nikavikamata vidole vyake vya kulia, vyote, nikabana. Nilibana kwa nguvu zote zilizobaki mkononi mwangu, na kidole changu cha kati kikagoma pale pale, kimejifunga juu ya vyake, kikakataa kukunjuka. Sikuweza kumwachia hata nilipotaka. Ikabidi yeye, kwa mkono wake wa kushoto, anifungue kidole kama nifanyavyo mimi. Kikatoa mlio. Hakulalamika. Alisema "Pole, Tantine," akafungua mwavuli wake.

Sasa mkono umelala kwenye beseni la maji ya moto na unaonekana kama wa mtu mwingine. Mvua haijakatika. Kesho ni Jumatatu, Esta atakuja kwa somo lake, na ninamjua, atakuja kweli. Nitamfundisha nini? Na nilipombana vile, nilikuwa namsalimia, au nilikuwa nasikiliza kama vidole vyake pia vitalia?