Aliyekata Minyaa ya Baba

Lubumbashi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Goti linaendeleaje? Nimesikia baridi ya mwaka huu imekubana. Mimi mzima, ila macho. Nachomelea matela ya malori mchana kutwa na kioo changu cha kujikinga kimepasuka, basi jioni ni kama mtu kanitia mchanga. Watu wa hapa ni wema. Ugali wao wanauita bukari, nao hunicheka ninapoulizia mlenda. Mimi nawacheka wanavyochanganya Kiswahili na Kifaransa. Njaa sina. Hasira ninayo.

Barua hii nampa dereva wa kwetu anayerudi Dodoma, kwa sababu kwenye simu unaniambia, "Athumani mwanangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," halafu unakata. Barua haikatwi. Najua atakayekusomea ni Zuhura. Zuhura, binti wa marehemu kaka yangu, usiruke hata mstari mmoja, hata ule unaokuhusu.

Mama, umeniambia Mzee Mfaume ameleta posa: mjukuu wake Rajabu anamtaka Zuhura, na mimi baba yake mdogo ndiye wa kutoa neno. Ukaniambia pia, tena kwa sauti ya chini, kwamba barabara yetu imewekewa kibao chenye jina la Mfaume, na siku ya kukizindua alisimama akawasimulia vijana historia ya Minyaani. Eti alipofika hapo kusini mwa mji palikuwa pori tupu, fisi ndio waliompokea.

Mama, si ulikuwa umekaa pale mkekani ukimsikiliza? Fisi ni nani, wewe au baba?

Zuhura hakuwa amezaliwa, kwa hiyo namweleza. Mji wa Dodoma ulikuwa unaishia mbali, hapo mtaani kwetu hakuna aliyetaka kukaa. Babu yako Salum alitoka Kondoa na bibi yako, wakafyeka, wakajenga tembe, wakachimba kisima kwenye mchanga wa korongo. Minyaa iliyoupa mtaa jina aliipanda yeye, kuzunguka kiwanja chake. Mfaume alifika masika na mke mjamzito, wameloa chapachapa. Bibi yako akawapa chumba chake, yeye akalala jikoni. Babu akawakatia kipande cha ardhi, wakapanda pamoja ua wa minyaa mpakani, wakala ugali sahani moja. Kwetu hapo maneno yalikwisha; nani angedai karatasi?

Kisha wakaja wapimaji wa viwanja. Babu yako alikuwa Kondoa, amekwenda kumzika dada yake. Aliporudi alikuta ule ua umekatwa, na vipande vyake vimechomekwa ardhini karibu kabisa na mlango wa tembe. Mfaume alikuwa amewatangulia wapimaji akinyoosha kidole: hapa kwangu, na hapa kwangu. Akaapa hajagusa mnyaa hata mmoja. Lakini minyaa ina utomvu, na utomvu ule hauna urafiki na jicho. Mtaa mzima ulimwona akitembea na macho yamevimba kama maandazi, akisema ni vumbi. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza, maana alikuwa ameshaanza kuwagawia watu viwanja. Babu yako alikwenda ofisini, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka akafa, na msibani Mfaume ndiye aliyelia kuliko sisi wote.

Sasa anataka binti yetu. Nimefurahi, mama. Niliposikia nilicheka peke yangu gereji mpaka wenzangu wakadhani moshi umeniingia kichwani. Siku zote nilikuwa natafuta pa kumshika mzee huyu, na leo amejileta mwenyewe, na kanzu yake ya Ijumaa.

Zuhura, usilie. Rajabu simchukii. Umesema unampenda na anakuheshimu, na yeye hakukata minyaa ya mtu. Lakini siku ya kujibu posa, mshenga akae kimya. Mfaume mwenyewe asimame mbele ya walewale waliompigia makofi kwenye kibao, aseme nani alimpokea, nani alimpa chumba, na macho yake yalivimba kwa nini. Asipoweza, arudi na posa yake. Mama, usinibembeleze. Najua utasema namfundisha mtoto kisasi. Ndiyo, ni kisasi. Baba alikufa akiitwa jirani kwenye kiwanja chake mwenyewe.

Nisalimie shangazi anayeuza karanga Majengo, na dada yangu aliyeolewa Ihumwa, mwambie kitenge chake nimeshakinunua. Msalimie na yule fundi cherehani aliyenifundisha Kurani. Mzee Mfaume usimsalimie.

Nilikuwa nafunga bahasha nikakumbuka sharti la pili. Najua jina la mtoto wa kwanza ni haki ya upande wa mume. Safari hii tunalitaka sisi. Mungu akiwajalia mtoto wa kiume, ataitwa Salum. Mfaume bado ana nguvu, atamlea kitukuu wake. Nataka kila magharibi asimame katikati ya kiwanja kile, mtaa mzima ukimsikia, aite kwa kinywa chake: "Salum! Salum, rudi nyumbani kwako!"

Mwanao,
Athumani