Kiilu Alinyoosha Mkono

Wayua uko? Tumetoka Thika kwa daktari wa mbwa. Tumefika nyumbani Ruiru lakini nimebaki kwa gari, siwezi hata kushuka.

Ni Bosco. Kile kivimbe cha mguuni nilichokuambia ni kupe, ni kansa. Kansa aki!

Daktari Ngendo alikuwa amesema watakikata, apone. Leo ilikuwa tu kupima damu waone kama imesambaa. Akarudi, akakaa chini. "Seli za kansa nimezipata kwa damu yenyewe. Kumkata hakutasaidia tena."

Na Bosco anamlamba mkono! Mkia unapiga meza!

Sasa sikia. Bwana yangu, Kiilu huyu unayemjua, hajawahi kumshika huyo mbwa hata siku moja. Akakunja shati, akanyoosha mkono. "Daktari, toa yangu umwekee. Mimi sina ugonjwa."

Wayua, alimaanisha. Watu kwa benchi wakacheka. Nikaangalia chini, aibu imenishika.

Daktari hakucheka. Akamwambia polepole, "Damu ya mtu haiwezi kuingia kwa mbwa, mzee."

Kiilu akauliza, "Hata kidogo?"

Hata kidogo, Wayua. Hivyo ndivyo aliuliza.

Tumepewa dawa za kumtuliza tu. Labda afike Krismasi, labda asifike.

Kiilu amembeba kutoka kwa gari kama mtoto, na Bosco anaweza kutembea vizuri. Wamekaa hapo kwa ngazi. Kiilu analia. Miaka hii yote sijawahi kumwona akilia, na sijui kama niende nikae naye ama nimwache.

Niambie nifanye nini.